Funikeni Moto

Dilala, Kolwezi
Tarehe 2, mwezi wa saba 2021

Yaya Bilkisi, dada yangu mukubwa,

Kama umesimama na sombe iko ku moto, epua kwanza. Kaa. Umekaa? Basi sikia: bahati imepita Kolwezi muzima, imeruka nyumba ya matajiri na mapisina yao ya kuogelea, imekuja kunitafuta mi kwa jina. Mudogo wako Abedi, ule mulikuwa munaita Mukimbia-Shule, leo ni sekretere ya Shefu wa kartie, mutaa muzima!

Usicheke. Niko pa mulango ya Tata Shefu Tshiamala tangu asubui mupaka magaribi. Hakuna mutu anamuona shefu bila kupitia mukononi mwangu. Nasema hakuna: bacommerçant, baaskari, mapadri, Bachinois. Juzi bourgmestre mwenyewe, mukubwa wa komini yote, alifika, na cravate yake ku shingo. Akanyoosha mikono yake mbili mbele yangu, hivi, kama mutoto anaomba sukari. Nikamutazama kidogo. Nikasema: «Tata, pita.» Akapita.

Unajua mi nilitembea dunia. Nilifika Dilolo, nikasalimia Angola kwa Kireno, Angola ikaitika. Nilikula samaki ya Kasumbalesa na bashofere ya inchi saba. Nilichimba mashimo yenye ukitupa jiwe unaweza kuenda kula bukari urudi, halijafika chini. Lakini kiti ya heshima sikukalia bado. Sasa nimekalia.

Njo maana, mwambie Mama anisamee: Idi hii sitakuja Lubudi. Corona imerudi na hasira, shefu anatoa maagizo ya siku kuu: kuswali kidogo-kidogo, kutotembeleana, unga na sabuni kwa bajane. Bitu bingi sana! Amesema: «Abedi akiondoka, kazi inasimama.» Unataka kazi ya serikali isimame sababu ya mbuzi ya Idi?

Mu furushi kuko blanketi ya Mama. Ni msaada ya siku kuu, inatoka mukono ya shefu mwenyewe. Kuko na sabuni na kashe-ne moja. Aivae ku pua, si ku kidevu sawa Bakolwezi. Mi sina baridi. Biro yetu inapashwa moto na courant ya umeme.

Moussa, ule mutoto wa baba mudogo na gari yake, asihangaike kunitafuta ku biro. Shefu hapendi mashofere banaonuka makala. Barua ayiache pa depo ya makala pale Dilala, nitatuma mutu wangu.

Mudogo wako mwenye bahati,
Abedi, Sekretere

*

Lubudi, nyuma ya reli
Tarehe 6, mwezi wa saba 2021

Abedi mudogo wangu,

Salaam aleikum. Moussa alishusha furushi yako pamoja na chumvi na mafuta, hakuzima hata gari. Barua nilimsomea Mama mara ya kwanza akalia. Mara ya pili akacheka pale pa bourgmestre. Mara ya tatu akaniambia nimwite mke wa imamu na yeye aje asikie, nikasoma tena mpaka sauti ikakauka. Anasema Kiswahili yako imekuwa ya Dilala kabisa, baba yetu wa Kasongo angekuchapa. Lakini amefurahi. Tangu kilio cha baba sijamuona hivi.

Blanketi ameifunga mabegani mchana kutwa, watu waione. Baridi ya mwaka huu si mchezo. Asubuhi majani yako meupe kama yamemwagiwa unga, na kifua cha Mama unakijua. Usiku anaota moto wa mbabula, lile jiko la makala. Moto ukishapasha nyumba anaitoa inje, pa kizingiti, halafu anafunga mlango.

Kuhusu Idi hakuelewa vizuri, au anajifanya. Mbuzi mwekundu ni ule uliacha akiwa mtoto. Mama amewakatalia wote wanaotaka kumununua. «Huyu anamungoja Abedi. Idi bila mwanaume wetu wa kuchinja ni siku tu kama Jumatano.» Mbuzi analala naye mu salon, kwa kuogopa wezi. Wanakohoa pamoja.

Sasa sikia ombi. Karatasi ya maagizo ya siku kuu na sisi tunayo, imebandikwa pa gare ya treni, lakini ni Kifaransa tupu. Mwalimu aliyekuwa anatusomea yuko Likasi kwa likizo. Redio inasema «kuvrefe, kuvrefe», kila mtu anaelewa yake. Kuna wenye wanasema ni ushuru mpya, kuna wenye wanasema ni dawa ya sindano. Huku nyuma ya reli askari hafiki hata mchana, nani atatueleza? Wamama wameniambia: «Si muko na mudogo wenu ku biro ya shefu?» Mama akajibu mbele yangu: «Abedi atatuma. Kwa mkono wake.»

Basi tuma. Mimi niliishia Kurani na hesabu, wewe ndiyo unajua maneno ya wazungu.

Yaya wako,
Bilkisi

*

Dilala, Kolwezi
Tarehe 10, mwezi wa saba 2021

Yaya,

Mumeuliza ku mutu mwenye anajua. Kifaransa mi nilikunywa sawa chai, na sukari. Karatasi niko nayo mbele ya macho saa hii, imebandikwa ku mulango, inanitazama na mi naitazama. Wasomee batu polepole, na sauti ya serikali.

Kwanza banasema «gestes barrières». Hii ni rahisi. Barrière unaijua: ile kamba ya njiani na baaskari. Geste unaijua: ukifika pale, unafanya geste, unaacha kitu kidogo, banakufungulia. Ninyi nyuma ya reli hamuna barrière. Basi hiyo muruke, haibahusu.

Halafu banasema mukae mbali na «cas contact». Kontakte ni ufunguo ya gari. Basi cas contact ni shofere. Moussa asalimiwe kwa mbali, hata kama atakasirika. Anatembea sana ule, na mukono yake haijui maji.

Sasa ile kubwa, yenye redio inalia kila siku: «couvre-feu». Fungua masikio. Couvre ni kufunika. Feu ni moto. Kila nyumba, saa ine ya usiku, FUNIKENI MOTO. Na mi sisomi sawa kasuku, mi nasoma na kichwa, nikajiuliza: juu ya nini? Nikapata. Moshi, yaya! Moshi ya makala njo inabeba corona toka nyumba ya huyu mupaka nyumba ya ule. Serikali si bajinga. Bamekamata muchawi ku mukia.

Na banaandika: «restez chez vous». Mukae kwenu, mulango na dirisha vifungwe, hakuna mutu kutoka inje mupaka alfajiri. Maana Mama asitoke tena kupeleka mbabula pa kizingiti. Aifunike pale pale mu nyumba, na beseni au sufuria kubwa, alale. Mwambie mwana wake amesema. Hapana, mwambie serikali imesema kupitia mwana wake. Inapendeza zaidi.

Kuswali Idi muswali mu makundi madogo. Nyama mugawe ku mulango, musikae kula pamoja. Bajane bapewe mbele. Hiyo nilimusikia shefu kwa sikio langu akisema, na machozi kidogo. Ni mutu mwema.

Idi njema mbele ya wakati. Mukichinja, ini munitumie, hata kavu.

Abedi,
Sekretere na Mufasiri wa Tata Shefu

*

Lubudi, nyuma ya reli
Tarehe 14, mwezi wa saba 2021

Abedi,

Umekuwa mtu mkubwa, hata mimi sasa naogopa kukuandikia bila kunawa.

Nilisoma karatasi yako pa bomba ya maji. Pale pa shofere watu walicheka, Moussa akakasirika kweli, akasema atakuletea barua zako kwa punda. Pale pa moto hawakucheka. Mama Noëlla, yule jirani mwenye mdomo, akauliza: «Tunafunika moto na baridi hii?» Mama yetu akasimama na blanketi yake: «Mwana wangu hakuandika utani. Ameketi na shefu.» Ikaisha.

Sasa ukipita hapa saa ine utasikia masufuria tu, ngwa, ngwa, kila nyumba inafunika. Mama ni wa kwanza. Anachukua beseni ya arusi yake, ile ya maua, anageuza juu ya mbabula katikati ya salon. Dirisha anafunga. Na kwa kuwa umemtumia blanketi mpya, ile ya zamani ameikunja anaziba nayo chini ya mlango, upepo usipite, corona isipite.

Lakini nataka kukuuliza kitu. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga. Anasema ni kama amebeba gunia la makala usiku kucha. Jana alitapika. Inje, juani, ikapita. Na mbuzi pia, Abedi. Utanicheka, lakini mbuzi asubuhi hasimami. Tunamvuta mpaka uani, anayumba kama mlevi wa lotoko, baadaye anapona, anakula. Mama Noëlla yeye amekataa, anasema moto wake hakuna mtu atakayeufunika, na yeye haumwi kitu.

Nilimwambia Mama: tuache kwanza mpaka Abedi ajibu. Akasema: «Nitamuaibisha mwana wangu mbele ya watu wote? Kama mimi mama yake nafunua, nani atafunika?»

Wewe uko mlangoni kwa shefu. Muulize kwa ajili yangu, neno kwa neno: kufunika moto ndani ya nyumba iliyofungwa, ni vizuri? Usijibu wewe. Muulize yeye. Moussa anarudi huku kabla ya Idi, nangoja.

Bilkisi

*

Dilala, Kolwezi
Tarehe 17, mwezi wa saba 2021

Yaya muoga,

Hii naandika mbio, Moussa anapiga honi.

Nimemuuliza shefu, sawa ulivyosema, neno kwa neno. Alicheka mupaka miwani ikaanguka. Akasema: «Abedi, mwambie Mama aendelee vile vile, ni mufano mwema kwa raia.» Na habari ya mbuzi, akasema: mbuzi anajua kalenda! Wewe ukijua Idi iko Jumanne ungesimama? Ungeyumba pia.

Kichwa ya Mama ni baridi. Umupake Vicks, anywe chai ya tangawizi. Mama Noëlla mumuache na mudomo yake, siku serikali itapita kutoa unga atajuta.

Funikeni, mulale, muamke na Idi. Mwambie Mama mi niko muzima, nanona.

Abedi, Sekretere

*

Lubudi
Tarehe 22, mwezi wa saba 2021

Abedi,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yetu hayuko.

Asubuhi ya Idi nilienda kumchukua kwa swala. Nilikuwa nimevaa, nimepaka na hina. Nikabisha, nikabisha, nikadhani ametangulia. Mlango haukusukumika kwa sababu ya blanketi ya zamani chini. Mume wangu akauvunja. Mbuzi alikuwa amelala karibu na mlango, pua yake imeingia chini kwenye kitambaa. Mama alikuwa pahali pake, amejifunika blanketi yako vizuri mpaka kidevuni. Uso wake ulikuwa mwekundu kama mtu aliyetoka kucheka. Nilimwita nikidhani anasikia.

Nesi alifika. Alifunua beseni ya maua, akaniangalia, akauliza nani alifundisha watu kufunika makala ndani. Akasema makala yakikosa hewa yanatoa sumu isiyo na harufu, inalaza mtu na haimuamshi. Nilionyesha karatasi yako. Aliisoma, akairudisha, akaenda kufungua dirisha.

Tulimzika siku ile ile, baada ya alasiri. Watu walikuwa wachache kwa sababu ya maagizo. Wale hodari wa kufuata maagizo hawakuja.

Sikulaumu wewe. Wewe uliuliza, nilikutuma ukauliza. Lakini yule shefu wako, yeye ni mtu aliyesoma. Nimemuandikia barua yake mwenyewe, nimetia ndani na karatasi yako, Moussa ataipeleka mpaka ku biro, apende harufu ya makala au asipende. Nimemuuliza jambo moja tu: kwa nini alicheka.

Mbuzi tulimzika pia. Nyama yake haikuliwa.

Bilkisi

*

Dilala, Kolwezi
Tarehe 27, mwezi wa saba 2021

Kwa Mama Bilkisi, Lubudi

Mama,

Pokea pole yangu na ya nyumba yangu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na baadaye nilihitaji kiti.

Mama, sikucheka. Sikuulizwa. Hakuna mtu aliyenifikia na swali lako, na hakuna hapa sekretere mwenye jina la Abedi. Sekretere wangu ni Mama Darlène, yuko nami tangu zamani.

Neno «couvre-feu» ni amri ya kutotembea usiku inje ya nyumba. Basi. Moto wa jikoni haumo. Tulipaswa kuandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, na sasa tunaandika, lakini kwako imechelewa.

Nilipomuonyesha Moussa mtu pekee anayesimama pa mlango wangu, alishtuka, akaniambia ndiye ndugu yako. Mimi jina lake sikulijua. Tunamwita Tata Ndoo. Alitoka ku mashimo ya madini na mguu wenye maumivu, akaomba kazi yoyote. Nikamweka pa ndoo ya kunawa: kila anayeingia ananyoosha mikono, yeye anamwagia maji na sabuni. Anachekesha watu, hata wakali. Pa mlango wangu hakuna watu waliogombana tangu afike.

Niongeze kitu, kwa kuwa uliniuliza juu ya kucheka. Kulipogawiwa msaada wa siku kuu alipewa blanketi moja, sabuni na kashe-ne, kama wengine wasio na kitu. Kesho yake nilimkuta anatetemeka pa ndoo, na shati jepesi, pua wazi. Nikamuuliza: «Blanketi iko wapi?» Akasema: «Tata, nimeinywa.» Yaani ameiuza akanywa pombe. Pale, Mama, kweli nilicheka. Nisamehe.

Tangu Moussa alipokuja, Tata Ndoo hajaonekana. Ndoo iko.

Ni mimi,
Tshiamala, Shefu wa kartie

*

Lubudi
Tarehe 2, mwezi wa nane 2021

Abedi,

Moussa anasema unalala pa depo, nyuma ya magunia, na unaondoka ukisikia gari yake. Barua hii ataiacha pale pale.

Shefu amenijibu. Blanketi ilikuwa yako. Hilo nimelijua kwa mtu mwingine, na nimelilia peke yake. Ile ingine, ya swali nililokutuma umuulize, nataka kuijua kwako.

Nimepita nyumba kwa nyumba, nimefunua moto wa watu kwa mkono wangu. Wananiuliza: «Shefu wa Dilala amebadili sheria?» Nawajibu ndiyo. Mke wa imamu akauliza kama uongozi umekupa ruhusa ya kuja kumlilia mama yako. Nikamjibu kazi ni nyingi. Unaona nimekuwa nani? Nimekuwa wewe.

Siwezi kuendelea. Watu wa hapa wanamlaani mtu mwema ambaye hakutenda kitu, na mimi nanyamaza. Arobaini ya Mama inakuja, na nitasimama mbele yao. Niambie niseme nini. Andika kwa mkono wako, kama ulivyoandika zile barua zingine.

Bilkisi

*

Dilala, pa depo
Tarehe 9, mwezi wa nane 2021

Yaya,

Barua hii niliianza na muzaha. Niliandika kwamba malaika akimuuliza Mama nani alimutuma, atasema serikali. Nikasoma, nikapasua. Nikaanza ingine, nikaandika kwamba mi ni mugonjwa sana, ili unionee huruma. Siko mugonjwa. Nikapasua na ile.

Namukimbia Moussa, ni kweli. Ule mutoto wa baba mudogo ananitazama, anageuka kushusha magunia. Angenipiga ningekaa.

Barua yako ya mbuzi niliisomea hapa, juu ya gunia. Uliandika: muulize yeye. Biro ya shefu ni kule ngambo ya njia, ukitupa jiwe linafika. Na shefu siku ile alikuwako, alikuwa na nafasi, alisimama pa ndoo yangu, nikamumwagia maji ku mikono. Ulimi yangu ilikuwa na swali yako juu. Kama ningemuuliza, angesema: wewe, Tata Ndoo, karatasi yangu ulimusomea nani? Angejua nimejifanya mufasiri. Batu pa mulango bangecheka. Nikamumwagia maji, nikasema: «Tata, pita.» Akapita. Nikarudi hapa nikaandika ile yote, kicheko, miwani, mufano mwema kwa raia. Niliandika nikicheka mi peke yangu. Mbuzi anajua kalenda. Nilifurahi sana na ile maneno, yaya. Nilisema: Mama itamuchekesha.

Ilimuchekesha? Usinijibu.

Kuja Idi sikukataliwa na mutu. Nilikuwa naona haya kufika na mikono mitupu na mguu huu, Mama anitazame ninavyotembea. Nikasema mwaka ingine, nikiwa mutu.

Pa arobaini nitakuja. Nitapanda gari ya Moussa, juu ku magunia, kama atakubali. Usiseme kitu mbele ya batu mupaka nifike. Nitasimama mi mwenyewe, nitasema. Bakinipiga, sawa. Bakininyima bukari, sawa. Jina la Tata Shefu lisafishwe, ni mutu mwema, alinipa kazi na hakuniuliza diplome. Lakini kama nitaogopa njiani, maana unanijua, nitaogopa, nikashuka pa barrière ya kwanza nikapotea, basi hii karatasi uisome wewe, pa bomba ya maji, na ile sauti ya serikali. Usipunguze neno.

Sikuwa sekretere. Nilikuwa mutu wa ndoo. Bourgmestre alinyoosha mikono juu ya sabuni.

Shefu sikumuuliza. Sikumuuliza mutu.

Ile bahati haikuwako, yaya. Na Kifaransa siijui.

Abedi